Jani la Kwanza la Kimchi

Basi la kwenda Damyang lilinuka vitunguu saumu, na hakuna aliyelalamika, maana Novemba kila nyumba inatengeneza kimchi, ile kabichi ya kuchachua kwa pilipili. Yeon-ju alijikohoza tena.

"Mafua hayo?" akauliza bibi kizee aliyeketi kando yake, ndoo katikati ya miguu.

"Si mafua, bibi. Asidi ya tumbo inanipanda kooni kimyakimya, hata kiungulia sisikii. Imenimaliza sauti. Siku hizi nalala kichwa kimeinuka, nakula uji wa mchele mapema, nina nafuu. Ila pilipili nimekatazwa."

"Na kimchi?" Bibi aliuliza kama anayepewa habari za msiba.

"Hata kuonja. Naiota, bibi."

"Sasa leo unakwenda wapi?"

"Kwa mama. Tunatengeneza kimchi."

Bibi akacheka hadi ndoo ikatikisika. "Utaponea wapi? Jani la kwanza si lazima mama akutie mdomoni kwa mkono wake?"

"Kila mwaka."

"Basi mwambie unaumwa, mtoto we!"

"Nikimwambia, hatanilisha tena."

"Bora usilishwe kuliko kubaki bubu!"

"Wewe bado una mama, bibi?"

Bibi akaitazama ndoo yake. Basi likasimama. Kituoni mama mtu alikuwa anangoja, glavu nyekundu hadi viwikoni, jani limeshakunjwa vidoleni. Yeon-ju akashuka, na kabla hata ya salamu, mdomo wake ulikuwa umeshafunguka.