Delmar Oyen, Fundi Aliyerudisha Kila Kitu Isipokuwa Kimoja

Ndugu, jamaa na majirani, mmekuja leo, Jumamosi tarehe 19 Oktoba 2024, katika kanisa hili la Bellamy Fork, Wyoming, kumsindikiza Delmar Knute Oyen. Anayewasomea maisha yake ni shemeji yake, Royce Tibbets, mdogo wake Arlys, mjane wa marehemu. Karatasi mlizopewa mlangoni zilichapwa Jumatano. Aliyoyaandika Royce baada ya Alhamisi hayamo humo, kwa hiyo anayefuatilia kwa kidole asishangae akipotea njiani.

Delmar alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1946, akiwa mtoto wa tatu wa Knute na Selma Oyen, wafugaji wa ng'ombe upande wa kaskazini wa mto. Hakuwa mtoto wa maneno. Mama yake alisimulia kwamba aliifungua saa ya ukutani akiwa na miaka mitano, akairudishia kila skrubu, na ilipoanza kutembea akaenda kulala bila kumwambia mtu. Royce hakuwapo, lakini kwa jinsi anavyomjua marehemu, hilo analiamini.

Alisoma hapa mjini hadi mwaka 1964, akatumikia jeshi miaka mitatu katika ghala la silaha, kisha akaingia chuo cha mafundi bunduki huko Colorado, alikohitimu mwezi Mei 1970. Chuoni mwanafunzi mpya alipewa kipande cha chuma na tupa, akaambiwa akifanye mchemraba kwa mkono, pande zote sawa. Wenzake walimaliza kwa wiki tatu. Delmar alimaliza kwa wiki kumi na moja. Mwalimu alipomuuliza alikuwa akingoja nini, alijibu, "Kuna upande mmoja ulikuwa unanidanganya." Mchemraba ule ulikaa juu ya kaunta yake maisha yake yote, na wengi wenu mmeushika.

Tarehe 5 Juni 1971 alimwoa Arlys Tibbets katika kanisa hili hili. Royce, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, ndiye aliyeshika pete, na hata siku ile hakumwelewa bwana harusi.

"Dada, huyu mtu hasemi," alimnong'oneza Arlys pale mlangoni. "Asiyesema ana analoficha."

"Ana analofikiria, Royce. Na wewe jaribu siku moja."

Walijaliwa binti mmoja, Corinne. Ndoa yao ilidumu miaka hamsini na mitatu, na Arlys anasema hakuwahi kusikia mlango ukibamizwa.

Kiwanda chake kidogo cha ufundi wa bunduki alikifungua mwaka huo huo wa 1971, nyuma ya kituo cha mafuta. Mnakumbuka alivyofanya kazi. Kupima mpigo wa nyundo, alitumbukiza penseli kwenye mtutu mtupu, akavuta triga, penseli ikaruka, naye akatikisa kichwa na kuirudisha silaha mezani kwa siku nyingine mbili. Na mnakumbuka kimfuko. Kila alichokitoa kwenye silaha ya mtu, hata springi iliyokatika, alikitia kwenye kimfuko cha kitambaa chenye jina la mwenyewe na kukifunga kwa uzi kwenye silaha. Alisema kitu cha mteja ni cha mteja, hata kikiwa kibovu.

Mwezi Juni 1997 Royce alimpelekea bastola yake aisafishe, na akataka triga ifanywe nyepesi.

"Hii ni ya kubeba kiunoni, shemeji," Delmar alimwambia. "Hapa ilipo ndipo mwisho wake."

"Wenzangu kwenye klabu ya shabaha wana nyepesi kuliko hii."

"Wenzako wana bastola za mashindano."

"Basi hata mimi nina tupa nyumbani. Gazeti limeonyesha kila kitu kwa picha."

"Na jino je? Unaling'oa mwenyewe?"

Wateja waliokuwa pale walicheka. Royce alichukua bastola yake na kuondoka akiwa amenuna. Sehemu inayofuata haimo kwenye karatasi zenu.

Kesho yake, mchana, juu ya meza ya jikoni, Royce aliifungua bastola ile. Alikitoa kijino kidogo cha chuma kinachoishikilia nyundo isiruke hadi utake, akakipiga tupa, akakipiga msasa, akakirudisha. Triga ikawa laini. Alifurahi sana. Hakujaribu kwa penseli.

Jumamosi, tarehe 14 Juni 1997, kwenye uwanja wa shabaha wa klabu, Royce aliingiza risasi na kuiachia sehemu ya juu ya bastola irudi kwa nguvu na kujifunga. Kidole chake hakikuwa kwenye triga. Bastola ililia yenyewe. Risasi iligonga mwamba, ikarudi, ikamwingia mwanaklabu mwenzake, Gaylen Hruska, gotini. Gaylen yupo hapa, safu ya tatu, na goti lile la kushoto halijakunjika tangu siku hiyo.

Watu walikuja mbio. Mmoja aliuliza nani aliishika bastola ile kabla ya Royce. Royce alisema, "Wiki hii ilikuwa kwa Delmar."

Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo, na ndiyo maana ilimkaa mdomoni vizuri. Yaliyobaki mliyamaliza ninyi wenyewe. Wakati ule Royce alikuwa akifundisha vijana usalama wa silaha, hapa katika chumba cha chini ya kanisa, kila majira ya machipuko. Aliogopa kunyang'anywa darasa, akaogopa kuchekwa. Basi akanyamaza.

Baada ya sherifu kuandika kuwa ni ajali na kuirudisha bastola, Delmar alikuja nyumbani kwa Royce. Alisema, "Nipe niiangalie," akaondoka nayo. Siku ya tatu aliileta ikiwa na kijino kipya. Akaiweka mezani, akasema, "Jaribu," akanywa kahawa yake yote na kwenda zake. Royce aliigeuza ile bastola huku na huku. Kimfuko hakikuwapo.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Fundi aliyemrudishia mtu hata springi iliyokatika, mbona hakumrudishia yeye kijino? Alikuwa anakiweka cha nini? Kila Novemba Delmar aliwaletea soseji za nyama ya kulungu, na mwaka wa kwanza Royce alimpa mbwa kwanza, akamtazama hadi jioni. Delmar akimsalimia kwa uchangamfu, Royce aliona anasutwa. Akimsalimia kwa kifupi, aliona siku imefika. Mwaka 2004 alijitolea kumtengenezea paa la kiwanda, na wenyewe walipokwenda kanisani akashuka na kupekua droo nne. Ya tano ilikuwa haina hata kufuli, lakini alisikia gari, akapanda ngazi haraka. Delmar alitazama kaunta, akatazama viatu vya Royce vilivyojaa unga wa chuma.

"Umepata ulichokuwa unakitafuta?"

"Natafuta misumari."

"Misumari iko juu, shemeji. Ulipanda nayo."

Wakati huo wanaklabu walikuwa wameshaanza kupeleka bastola zao kwa fundi mwingine, maili themanini kutoka hapa. Mtu aliyesubiri wiki kumi na moja kwa upande mmoja wa chuma akawa anafungua vitasa na kunoa mashine za kukatia majani. Gaylen alivuka barabara kila alipomwona. Delmar alivumilia hayo miaka ishirini na saba. Angeweza kuyamaliza kwa kukiweka kijino kile juu ya kaunta, lakini hakukiweka.

Mwezi Februari 2022 alianza kutetemeka mikono, na madaktari wakasema ugonjwa ule hauna kurudi nyuma. Alifunga kiwanda mwezi Agosti. Royce alikwenda kumwona kila Jumanne, na asidhani mtu kwamba ni kwa wema tu. Alikwenda kusikiliza kama anasema kitu. Jumanne ya mwisho Delmar ndiye aliyeanza.

"Royce, hujaniuliza."

"Kukuuliza nini?"

"Haya. Niwekee maji."

Alifariki nyumbani kwake Jumapili, tarehe 13 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, Arlys na Corinne wakiwa wamemshika mikono, ambayo hatimaye ilikuwa imetulia.

Alhamisi, marehemu alipokuwa amelazwa kwenye jeneza ili watu wamuage, Royce alibaki na dada yake peke yao. Bado alikuwa na shaka. Aliwaza kuna barua, kuna mwanasheria, kuna mtu ameachiwa kazi ya kumwumbua. Akashindwa kujizuia.

"Dada, Delmar aliwahi kukuachia kitu changu?"

Arlys aliinama juu ya jeneza, akatia mkono kwenye mfuko wa koti la mumewe, upande wa moyo, akatoa kimfuko cha kitambaa. Kilikuwa kimeandikwa *R. Tibbets, Juni 1997.*

"Alikuwa anakiweka droo ya tano," alisema. "Aliniambia ukikiuliza nikupe. Usipokiuliza, nikiache kizikwe naye, na nisifungue. Ni nini hiki, Royce?"

Royce alimweleza. Ilimchukua dakika mbili kusema alilolificha miaka ishirini na saba. Arlys alilia, kisha akajifuta uso, akamwita Corinne, aliyekuwa asome wasifu huu, akamnyang'anya kalamu na kumpa Royce.

"Utasoma wewe. Na Gaylen awe amekaa karibu."

Delmar ameacha mjane, Arlys. Binti yake Corinne na mkwewe Todd Amundson. Wajukuu wawili, Selma na Brandt. Dada yake Verna. Na shemeji mmoja ambaye alimtilia shaka mtu mwaminifu kuliko wote aliowajua. Kimfuko kiko kwenye mfuko wa shati la shemeji huyo. Ibada ikiisha atakiweka juu ya ule mchemraba, pale kwenye meza ya kahawa, kikiwa wazi. Alama za tupa kwenye kijino zinaonekana kwa macho. Gaylen, tafadhali anza wewe kukitazama.

Alale salama Delmar Oyen. Hana tena kitu cha mtu.