Mchezo Uliokatizwa na Bomba la Maji

Hebu fikiria ubao juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda cha kahawa cha Akai, Kakuma, mwaka 2013. Ubaoni, kando yangu, wameketi Lomuria, tunayemwita Profesa, na Jean wa Bukavu, tunayemwita Refa kwa kuwa huhukumu kila kitu. Ng'ambo ya njia inasikika cherehani ya Sylviane. Jana kanisani kulichezwa mchezo aliotunga yeye: mama amemfukuza mwanawe, mwana amerudi, anabisha hodi. Leo katibu wa kanisa anapita akiuliza watu. Wakiusifu, utarudiwa Jumapili. Wakiuponda, ukumbi utapewa kwaya.

— Refa, ule mchezo ni mbovu.

— Mubaya kabisa, Profesa. Mama analia tu.

— Nyota njema huonekana asubuhi. Ule ulianza saa kumi jioni.

Akai akamimina kahawa.

— Si mliondoka bomba lilipofunguliwa? Niliwaona kwa foleni na mitungi.

— Haraka haraka haina baraka, Akai. Ndiyo maana niliwahi kutoka.

— Mimi nikionja mchuzi, akasema Refa, simalizi sufuria ndiyo nijue chumvi.

— Mchuzi huonjwa ukiiva, Refa, akasema Akai. Wewe ulionja maji na kitunguu.

— Mchezo najua kwa kikohozi cha kwanza, akasema Profesa.

— Miye najua kwa pazia. Pazia ikiwa na mikunjo, mchezo pia iko na mikunjo.

— Basi hakimu bora ni yule asiyekwenda kabisa, akasema Profesa. Akienda, atapendelea.

Hapo akafika Jebet, katibu mwenyewe, daftari mkononi.

— Ejok, wazee, akatusalimu kwa Kiturkana. Jana nilikuwa Lodwar, kwa hivyo nisaidieni. Yule mama alimfungulia mwanawe mlango?

Cherehani ikanyamaza.

Profesa akamtazama Refa. Refa akatazama ndani ya kikombe. Akai akanitazama mimi, na mimi nikautazama mtungi wangu, maana jana nilikuwa wa nne kwenye foleni.

— Hakuna hata mmoja? akauliza Jebet.

— Kahawa imeisha, akasema Profesa.

Jebet akaandika, akisoma kwa sauti: «Haujatazamwa. Urudiwe Jumapili.»

Ng'ambo ya njia cherehani ikaanza tena, mbio kuliko mwanzo.

Nawe ukija Jumapili, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: jaza mtungi wako asubuhi.