Mzee Badar Aliyewafungia Marehemu Pazia

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Mzee Badar Marhun, mvuta pazia mkuu wa ukumbi wetu hapa Al Garhoud, anastaafu Jumamosi hii, tarehe 31 Januari. Wasifu huu nusura uandikwe miaka sita iliyopita, mistari miwili, bila keki. Bahati yenu umenisubiri mimi, maana idara ya jukwaa haina kalamu kama yangu, ingawa shule niliiacha kabla haijaniacha.

Mzee Badar alizaliwa Unguja, akakulia Deira, na Kiunguja chake jua la hapa halijakibabua. Alianza kwa kufagia jukwaa. Enzi hizo pazia lilivutwa kwa kamba, ndiyo maana mpaka leo ukimpa mkono utadhani umeshika soli ya kiatu. Ilipoletwa mashine ya kitufe aliiita mvivu, kisha akaizoea kuliko sisi sote. Kazini hajawahi kuchelewa. Bi Mahfudha, mkewe, anasema alikochelewa ni harusini.

Ugonjwa wake mmoja tu: machozi. Akifa mtu jukwaani, analia yeye. Aliwahi kumlilia hata sungura wa mchezo wa watoto, na sungura mwenyewe alipotea tu.

Sasa hiyo miaka sita. Lilikuja kundi la Kijapani la michezo ya kuimba, wote wanawake, hata wanaume wanachezwa na wanawake. Bwana harusi anauawa vitani, mchumba anafia kaburini kwake. Pazia likashuka, ukumbi mzima unalia, Mzee Badar ndiye imamu wao. Kufuta macho, anawaona marehemu wote wawili wamesimama, wamevaa manyoya ya waridi, nyuma yao ngazi kubwa inawaka taa na wenzao wamejipanga wanatabasamu. Kumbe kwa kundi hilo ndio utaratibu: msiba ukiisha, waliokufa hushuka ngazi wakiimba na kucheza. Siku ya mazoezi Mzee alikuwa amekwenda kuzika Sharjah, na hakuna aliyemwambia.

Akaondoa mkono kwenye kitufe. "Maiti hajapoa, mwataka nimfungulie ngoma? Hata hitma haijasomwa."

Bassam, arbab wetu, yaani bosi, akaja mbio. "Yalla, Badar, fungua. Watu wanabeba mikoba." Na kweli walikuwa wanabeba. Wakitoka, kundi halirudi tena, na Badar naye khalas, hana kazi. Mzee hakusogea. "Nifukuze, arbab. Mie siwachezeshi wafu."

Ndipo akaja Bi Natsuki, yule bwana harusi, manyoya yakikwamakwama kwenye nguzo. Kwa ulimi wa mkalimani akamwambia, "Baba, hawa ni wageni wetu. Nikiwaacha waende nyumbani na maiti yangu, nimewakosea." Akampa mkono. Mzee akaushika, akaukuta una joto na jasho. Aligeuzageuza kile kiganja kama mtu anayechagua embe sokoni. Suala la mgeni kutoka na huzuni nyumbani kwako, Muunguja haambiwi mara mbili.

"Basi waacheni kwanza wamalize kulia," akasema. Akatega sikio kwenye pazia mpaka kwikwi zikapungua, kisha akafungua. Waliokuwa wamefika mlangoni walirudi wakikanyagana, na shangwe ya siku ile Bassam bado anaidai ni yake.

Tangu hapo Wajapani hurudi kila majira ya baridi. Mkurugenzi wao ana saa ya bei mbaya, lakini wakati wa kufungua pazia haitazami. Anamtazama Mzee Badar. Kutega sikio huko ametufundisha na sisi. Mimi niliiva kwa wiki moja, ingawa yeye anasema bado niko mbichi.

Jumamosi wanacheza tena. Bassam alimwuliza Mzee anataka zawadi gani, akadhani ataambiwa televisheni. Mzee akasema, "Ile ngazi nimeiona kwa nyuma tu. Mbao, misumari, na migongo ya watoto wa watu. Nipeni kiti." Amepewa viwili, safu ya tatu katikati, yeye na Bi Mahfudha, na kitufe nitakishika mimi.

Asante, Mzee wetu, kwa kazi, kwa ukali, na kwa chai yako ya tangawizi ambayo tulikuwa tunaiiba. Mwenyezi Mungu akupe afya, wewe na Bi Mahfudha, na miaka mingi ya kukaa mbele.