Kovu la Oruveni na Dirisha la Mama Chenge

"Huyu ni mjukuu wake."

"Ni yeye mwenyewe, Mama Chenge. Ni yule yule."

"Mama Kevin, yule mzee ana mvi mpaka kwenye kope. Huyu hata ndevu hana. Watakuwaje mtu mmoja?"

"Tazama kovu. Hapo chini ya kidevu. Mzee analo, na kijana analo."

"Hilo si kovu, ni alama. Kazaliwa nayo. Mjukuu akirithi jina la babu, anarithi na alama yake. Hata kwenu Mara mnalijua hilo."

"Mimi mwaka wa nne huu nakata minofu ya sangara pale Nyakato. Kovu la kisu nalijua. Mtu hazaliwi nalo."

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Hayo mliyoyasikia yalisemwa Jumamosi moja ya mwaka 1996, huko Mkolani, sebuleni kwa Paskazia, mjane wa Luhende, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Chenge. Aliyekuwa akibishana naye ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Bernadeta, Mama Kevin. Na mtu waliyekuwa wakimgombania hakuwa mume wala mchungaji. Alikuwa mtu wa kwenye televisheni, nahodha wa angani, jina lake Oruveni.

Paskazia ametutoka Jumanne ya wiki hii, akiwa na miaka sabini na minane. Leo tunamkumbuka yeye. Paskazia wa Mkolani. Mama Chenge wa Jumamosi saa kumi.

Alikuwa mpiga chapa katika kiwanda cha nguo. Mashine ya kuchapa ndiyo iliyomfundisha Kiingereza, kwa barua za wakubwa. Mwaka 1992 mume wake, Luhende, akafariki kwa homa. Miaka miwili baadaye, mwanawe Chenge akapata mtoto wa kiume, na mtoto akapewa jina la babu. Luhende. Kuanzia siku ile Paskazia alimwita kitoto kile "mume wangu", akimnawisha uso, "mume wangu umekula?", kama bibi zetu wanavyofanya. Ila waliomfahamu wanasema kwake yeye haukuwa utani mtupu.

Mwaka 1995 kiwanda kikapunguza watu, naye akapunguzwa, akapewa kiinua mgongo. Wenzake walinunua cherehani, wengine wakafungua genge la nyanya. Paskazia akarudi nyumbani na televisheni. Mtaa ulisema, jamani, ulisema. Kwamba kachanganyikiwa. Kwamba kuna bwana Buhongwa kamhonga. Waliosema hivyo ndio waliowahi mkeka wa mbele Jumamosi ya kwanza.

Mnakumbuka miaka ile. Televisheni za watu binafsi ndiyo zinaanza kutufikia, antena iko juu ya mti wa mkaratusi, na ukitaka picha itulie, mtu asimame nje aushike ule mti. Jumamosi saa kumi kikaanza mchezo ule wa angani. Jina lake la Kiingereza hakuna aliyeling'ang'ania. Kwa kuwa mwanzoni zinatokea nyota ndogo zimekusanyika kama vifaranga, mtaa ukauita Kilimia.

Kwenye Kilimia kuna mitumbwi inayokwenda bila maji. Tanga zake ni mwanga. Nyota ikizimika, Mzee Oruveni anaiweka ndani ya chupa ya kioo, ambayo Mama Chenge aliiita kibuyu, na anaipeleka mbali, miezi na miezi, mpaka mahali zinapowashwa upya. Basi. Hadithi nzima ni hiyo. Mzee mmoja anabeba nyota zilizokufa, taratibu, na nyuma yake giza limetanda kama ziwa siku halina upepo. Watu walikuwa wanatazama mdomo wazi. Wakitoka, wanapanda kwenye yale mawe makubwa nyuma ya nyumba, wanaliangalia ziwa kwa mbali, na jua linazama.

Kutafsiri ilikuwa kazi ya Paskazia. Malkia wa kwenye Kilimia akitoa neno moja, Paskazia anatoa kumi. "Malkia anasema, shikamoo mzee, poleni na safari, lakini shemeji yangu, hizo nyota ni za watu, zirudishe."

Odero, fundi wa mashine za boti aliyepanga kwa Mama Kevin, hakuweza kuvumilia. "Mama Chenge, mbona huyo kasema 'hapana' tu?"

"Kiingereza ni kifupi, Odero. Sisi tuna adabu."

Hapakuwa na kiingilio. Mwenye michembe ya viazi vikavu alileta michembe, mwenye dagaa alileta dagaa, na mchezo ukiisha Paskazia anasonga ugali. Mabishano yenyewe yalikuwa hapo, kwenye ugali. Nani kamsaliti nani. Malkia ana watoto wangapi. Kwa Mama Chenge huondoki hujala. Hiyo ilikuwa sheria, na ilikuwa moja tu.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, sikilizeni hapa vizuri. Odero alikuwa akifuata vipuri Kisumu. Huko akakuta kanda za video za mchezo mwingine, ndugu wa Kilimia. Mitumbwi ile ile, nyota zile zile. Ila humo nahodha ni kijana, na jina lake pia ni Oruveni. Kanda zilikuja moja moja, kwa kadiri Odero alivyozipata. Ya nne ikatangulia, ikafuata ya saba, ikafuata ya pili. Ya kwanza haikuwahi kuonekana.

Kwa hiyo mtaa ulimjua mzee kwanza, kisha ndipo ukamwona kijana mwenye jina lake na alama yake. Mtu wa mahali pengine labda angesema, huyu ni mzee enzi za ujana wake. Kwetu mtu mwenye jina la babu ni mjukuu. Sebule nzima ilikubali ni mjukuu. Aliyekataa ni mmoja, Mama Kevin, kwa sababu ya lile kovu.

Na Jumamosi ile ya Juni 1996, ubishi ulipopanda, Mama Kevin akaropoka.

"Jina ni jina tu, Mama Chenge. Wewe si umemwita mtoto Luhende? Haya, Luhende karudi? Mbona bado unalala peke yako?"

Wilhelmina, jirani mwingine aliyekuwa ameshika bakuli la mboga, anasema alilishusha chini polepole lisije likalia. Paskazia aliinuka akazima televisheni. Moto ulikuwa umeshawaka, maji yamechemka. Akasema, "Leo hakuna chakula. Kwaherini."

Watu wakatoka na njaa kwa Mama Chenge. Haikuwahi kutokea.

Miezi tisa. Miezi tisa wale wanawake wawili hawakusalimiana. Kisimani mmoja akifika mwingine anakumbuka ndoo aliyoisahau. Ila kuna jambo ambalo mtaa uliliona ukanyamaza, na mtaa wetu kunyamaza si kazi ndogo. Kila Jumamosi saa kumi Mama Kevin alikuwa anafua. Karai lake analiweka chini ya dirisha la Mama Chenge, hapo hapo, kwenye jiwe. Alifua shuka, akafua pazia, akafua mpaka magunia. Mwaka ule nguo za Mama Kevin zilitakata hadi zikachanika.

Na dirisha lile, ambalo zamani lilifungwa kwa ajili ya vumbi, sasa lilikuwa wazi. Paskazia akawa anatafsiri kwa sauti ya mhubiri.

"Mama Chenge, mbona unatupigia kelele na tuko hapa?" Wilhelmina alimuuliza.

"Kuna wengine masikio yao mazito."

Mwezi Machi 1997, Odero akarudi na kanda namba moja. Aliileta siku ya Alhamisi, na Paskazia akaitazama kabla ya watu. Odero yupo hai, mzee sasa, na ametusimulia mwenyewe.

"Picha inaanza, Mzee Oruveni kakaa, nywele nyeupe. Anasema, nitawaeleza habari za ujana wangu. Halafu anatokea kijana, kidevu safi, hakuna kitu. Ndani ya nusu saa anakatwa na upanga, pale pale. Mama Chenge akaniambia, rudisha nyuma. Nikarudisha. Akasema, rudisha tena. Mara tatu. Mimi nikamwambia, kanda hii ninayo peke yangu, naweza kuirudisha Kisumu, hakuna atakayejua. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, 'Kumbe hakuna mjukuu.' Akaenda nje, akamchukua Luhende, wakati huo ana miaka kama mitatu, akaanza kumwogesha. Na mtoto alikuwa ameshaoga."

Jumamosi ikafika. Nyumba ikajaa mpaka mlangoni. Nje, chini ya dirisha, karai. Kanda ikaanza, yule mzee akakaa, akafumbua kinywa. Na Paskazia akasimama, uso kaupeleka dirishani, akatafsiri.

"Mzee Oruveni anasema, yule kijana ni mimi. Hakuna mjukuu. Kovu hili nilikatwa, sikuzaliwa nalo. Mama Kevin alisema kweli, na mimi Paskazia nilikosea."

Odero akakohoa. "Hayo ya mwisho mzee hajayasema."

"Kiingereza ni kifupi, Odero."

Kisha akainama kwenye dirisha. "Mama Kevin. Nguo zimeshatakata. Ingia ule."

Bernadeta aliingia mikono inachuruzika povu. Akakaa kwenye mkeka, mahali pake, pamoja na kwamba Wilhelmina alikuwa amepakalia miezi tisa. Akasema, "Dada, lile la baba Chenge nililisema vibaya."

Paskazia akamsogezea sahani. "Kula. Mchezo unaendelea."

Wasikilizaji wapendwa, miaka imepita. Televisheni sasa iko kila nyumba, na kila nyumba inatazama peke yake. Ule mkaratusi ulikatwa. Lakini sebule ya Mkolani haikufungwa. Mpaka mwaka jana, Jumamosi saa kumi, Paskazia na Bernadeta walikuwa mkekani, na Paskazia bado anamtafsiria mwenzake michezo ambayo siku hizi ni ya Kiswahili.

Tumemuuliza Bernadeta, juu ya lile la jina, anasemaje leo. Akasema, "Kwenye mchezo nilishinda mimi. Lakini huyu Luhende kakua mbele ya macho yangu. Anavyoweka miguu. Anavyosafisha koo kabla hajasema neno. Mara nyingine anapita hapo nje, mimi nainuka nimsalimie baba Chenge. Nasema moyoni, mbona ni yule yule. Sikumwambia Paskazia. Nilidhani nina muda."

Tunatoa pole kwa Chenge na mkewe. Pole kwa mjukuu, Luhende. Pole kwa ndugu wa Mkolani na Buhongwa, na kwa wote waliowahi kushika mti ili wengine waone. Mungu ampokee Paskazia, na safari yake iwe ya taratibu, yenye mwanga kwenye tanga. Na wewe unayetusikiliza, mfikirie yule mmoja mnayepishana naye kisimani. Labda karai lake liko chini ya dirisha lako, na wewe umelifunga kwa ajili ya vumbi.

Jambo moja limebaki. Jana, baada ya mazishi, nyumba ilijaa kama zamani. Ugali ulisongwa, watu wakakaribishwa ndani. Bernadeta hakuonekana. Alikuwa nje, amekaa kwenye lile jiwe chini ya dirisha, mikono mitupu, anasikiliza sauti za watu.

Dirisha likafunguka. Luhende, mwanamume wa miaka thelathini na moja, akatoa kichwa. Akasafisha koo.

"Bibi, umekaa nje vya kutosha. Ingia ule."