Kiatu cha Dismas

Mwaka wa hamsini na nane, katika gari moshi la kutoka Thika, Magdalene alikuwa akisikiliza ya watu. Mzee Ndung'u alikuwa akimlalamikia abiria mwenzake juu ya mbwa mkubwa aliyeachiwa na rafiki yake Dismas. "Mgeni akivua viatu, huyo mbwa anaficha kimoja. Dismas ndiye alimfunza, ati mtu asitoke kwake kabla ya kula. Nikaanza kumpa mfupa kila akirudisha. Sasa anaficha vyote viwili!"

"Mchape, mzee."

Wasiofuga ndio wajuzi, Magdalene akawaza.

"Siku Dismas anarudi kwao Butere kabisa, mbwa alificha kiatu chake pia. Tulikitafuta asubuhi nzima."

"Nani alikipata?"

Gari likasimama Ruiru. Ndung'u akavaa kofia yake polepole.

"Mimi," akasema. "Laiti ningekiacha."