Mama Pasi na Mlango Ulioimbwa Wazi

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za vyombo huko jikoni, maana leo tunamkumbuka mtu aliyejua kusikiliza. Mama Pasi ametutoka. Ametutoka Jumanne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane.

Jina hilo alipewa kazini. Kwa miaka ishirini na tisa alipiga pasi mashuka ya hospitali, katika chumba cha kufulia. Na humo humo, katikati ya mvuke, alitunga nyimbo za kwaya. Zaidi ya arobaini! Hakusomea muziki. Ila alikuwa na sheria moja: sauti isiyasingizie maneno.

Wanakwaya wake wanaijua. Ukiimba "nimeshuka bondeni" huku sauti inapanda, anakusimamisha. "Mwenzetu, bonde lako liko juu ya paa?" Watu hawana mbavu, yeye uso mkavu.

Sheria hiyo ndiyo iliyomgombanisha na mdogo wake, mwimbaji wa bendi.

Baba yao aliondoka nyumbani wakiwa wadogo. Hakurudi. Mama Pasi akatunga wimbo juu yake, na kibwagizo chake ni kifupi: "Baba, mlango uko wazi." Kwenye "wazi" sauti ilibaki juu, ikining'inia, kama haijamaliza kusema. Mdogo mtu akaurekodi. Lakini mwishoni akaishusha sauti, ikatua vizuri, watu wakaupenda. Hata sisi hapa redioni tuliupiga kila siku.

Dada mtu alipousikia, akamwita.

"Maneno yanasema mlango uko wazi," akamwambia. "Wewe kwa sauti umeufunga."

"Dada, ni noti moja tu!"

"Ni baba yetu."

Wasikilizaji wapendwa, hawakusemeshana miaka sita. Miaka sita, kwa noti moja.

"Mimi nilikuwa na hasira na mzee," mdogo wake alituambia juzi, sebuleni kwa marehemu. "Nilitaka yaishe. Dada bado alikuwa anamngoja. Sikumwelewa mpaka binti yangu mwenyewe alipoondoka nyumbani kwa ugomvi. Nikawa nakaa nasikiliza hatua za watu nje. Siku moja nikajaribu kuuimba ule wimbo nilivyourekodi. Haukuimbika."

Mchana huo huo akaenda hospitali, moja kwa moja hadi chumba cha kufulia. Hata salamu hakutoa. Alisimama kati ya mikokoteni ya mashuka, akaimba kibwagizo, na neno la mwisho akaliacha juu, kama lilivyotungwa. Dada yake akaisahau pasi. Shuka likaungua, msimamizi akafoka, wao wawili wanalia na kucheka.

Binti alirudi baada ya miezi minne. Yule baba wa kwenye wimbo hakurudi kamwe.

Wiki iliyopita, Mama Pasi, akiwa mgonjwa kitandani, alimwita mdogo wake amwimbie ubeti mpya alioutunga. Mwenzake alipofika kwenye "nimechoka" akaanza madaha yake ya bendi, akipandisha sauti. Dada akamgusa mkono. "Taratibu, mdogo wangu. Neno hilo halina nguvu za kupanda ngazi."

Kwa mdogo wake, kwa wanakwaya, na kwa wenzake wa chumba cha kufulia: poleni sana. Tunaomboleza pamoja nanyi.

Nasi wengine tujiulize. Leo mtu wa nyumbani kwako akikujibu "sijambo", neno utalisikia. Je, sauti yake utaisikia?