Mama Pindo na Wagonjwa Wake Kumi na Mmoja Barabarani

Baada ya miaka ishirini na tisa katika chumba cha ushonaji cha hospitali yetu, mwenzetu tunayemwita Mama Pindo anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Kazi ya kuandika wasifu wake nimepewa mimi wa dobi, kwa sababu vyumba vyetu vinatenganishwa na ukuta mmoja tu, na ukuta wenyewe una dirisha. Shule sikufika mbali, lakini mambo yake nayajua.

Alianza kwa kutia viraka mashuka. Baadaye akapandishwa kuwa mshonaji mkuu, yaani mshonaji pekee. Jina la Mama Pindo alilipata kwa sababu hawezi kuona pindo limefumuka akalipita. Aliwahi kumsimamisha mkaguzi katikati ya ukaguzi, akapiga magoti, akamshonea suruali ikiwa mwilini. Mkaguzi alisimama wima kama mlingoti, na ripoti yake ilikuwa nzuri kupita zote.

Ila kazi iliyomgusa moyo ilikuwa kofia za watoto njiti. Alizipeleka wodini mwenyewe na kurudi macho mekundu, maana watoto wale walipashwa joto kwa chupa za maji moto na maombi. Aliniambia dirishani kwamba anamwomba Mungu jambo moja tu kabla hajastaafu: aione mashine ya joto ikiingia wodi ile.

Ndiyo maana mwaka jana, ilipotangazwa safari ya hisani ya baiskeli ya siku tano, alijiandikisha wa kwanza, na baiskeli alikuwa hajaipanda tangu usichana wake. Muuza magodoro mmoja tajiri alitutania kwamba watu wa hospitali mwendo wetu unaishia kwenye korido. Kisha akaahidi: siku ya kwanza tukifika dukani kwake wote, kwa pedali, kabla jua halijazama, mashine ananunua yeye. Akipungua mmoja, au mmoja akipanda gari, tusahau.

Mama Pindo akapewa kazi ya kushona sare. Kitambaa kilichopatikana kilikuwa jora la milia ya kijani la wodini, na mikono yake ilikwisha kuzoea mshono mmoja. Asubuhi ya safari tulifungua mafurushi tukakuta magauni ya wagonjwa, yamefupishwa, yanafungwa kwa kamba mgongoni. Tukayavaa juu ya suruali zetu, tungefanyaje? Na kwa kuwa kwake nguo haitoki bila muhuri, kila gauni lilikuwa na jina la wodi kifuani, kwa muhuri wowote uliokuwa bado na wino. Mhasibu alipata WATOTO. Mimi nilipata UPASUAJI. Mganga mkuu wetu, baba mzima na kitambi chake, akapata WAZAZI. Yeye Mama Pindo kitambaa kilimwishia, akavaa gauni lake refu la ibada.

Mizigo na simu zetu vilitangulia kwa gari. Mchana, kumi na mmoja tukiwa hoi kwa kiu, tuliingia kwenye zahanati moja ya kando ya barabara kuomba maji. Mama Pindo hakuwepo. Alikuwa amebaki nyuma kumshonea mtoto wa shule pindo la sketi.

Muuguzi wa pale alitutazama: milia, kamba, mihuri, jasho. Akafunga geti polepole, kwa huruma kabisa.

“Mimi ni mganga mkuu wa hospitali,” akasema mganga mkuu.

“Ndiyo, baba. Kaa hapo kwenye benchi.”

“Nasema mimi ni mganga mkuu!”

“Sote tunajua, baba. Hebu toa mkono nikupime mapigo. Ona sasa, yanakwenda mbio.”

Mhasibu akajitetea kwamba yeye ni mhasibu. Akawekewa kipimajoto kwapani. Gari la wagonjwa likaitwa, na hapo ndipo tulipokufa moyo, kwa sababu tukipakiwa tu, mashine imekwenda. Mungu anisamehe, mimi nilikuwa nacheka.

Mama Pindo akatokea, anapiga kengele taratibu. Muuguzi akamkimbilia. “Mama, hawa ni wako?”

“Wangu wote.”

“Wanaumwa nini?”

Mama wa watu hasemi uongo. “Hawaumwi. Ni ubishi tu. Wanataka kufika mbali.”

Kwa kuwa ndiye pekee aliyevaa kama mtu mwenye akili zake, aliaminiwa. Tukaachiwa kwa sharti: yeye atangulie, na asipitwe na hata mmoja. Mlinzi wa zahanati akapanda baiskeli yake kutusindikiza, rungu begani.

Ndugu zangu, Mama Pindo mbele maana yake ni mwendo wa kinyonga, na jua lilikuwa halitusubiri. Mganga mkuu alipojaribu kumpita, mlinzi akafoka, “Wewe Wazazi! Rudi kwenye mstari!”

Kwenye mlima wa mwisho, duka likionekana kule juu, gauni la ibada likanaswa na cheni. Baiskeli ikagoma. Jua lilikuwa limebaki kipande. Mama Pindo akalitazama pindo lile, alilolishona mwenyewe kwa mkono, akavuta pumzi. Akatoa mkasi wake shingoni, akalikata lote, akakanyaga. Sijawahi kuona mtu akipanda mlima vile. Sisi tulimfuata kwa midomo wazi.

Tulifika jua likiwa bado na ukingo. Tajiri alicheka mpaka akaketi juu ya magodoro yake, akauliza mganga mkuu ni yupi. Mlinzi akamnong’oneza, “Huyo hapo anasema ni yeye. Mvumilie tu.”

Mashine ililetwa mwezi uliofuata. Mtoto wa kwanza kulala ndani yake sasa anatambaa. Juzi mama yake alimleta chumba cha ushonaji, akampakatisha Mama Pindo, na mtoto akamkojolea bila haya. Mama Pindo alikataa kabisa kubadilisha nguo mpaka jioni.

Dada yetu, asante kwa kila ulichotushonea, hata yale magauni. Mwenyezi Mungu akujalie afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasikivu. Nenda salama, na utupitie dirishani.